Sababu Tisa, na Hakuna Aliyeshawishika

Mwalimu, salaam.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Umoja, na mwanachama wa chama cha akina mama kumi na wanane. Tumechanga polepole mpaka kila mmoja ana Sh80,000 benki, jumla Sh1,440,000. Mwezi huu mwenyekiti wetu ametuletea kampuni inayouza ploti upande wa Barabara ya Kangundo. Walitupeleka kwa basi, tukaliona shamba, tukapewa soda na kofia. Wanatuuzia ploti mbili za futi 50 kwa 100, kila moja Sh700,000, mradi tulipe amana ya Sh400,000 kabla ya mwezi kuisha. Mwezi ukiisha, bei ni Sh750,000 kwa ploti.

Moyo wangu umekataa. Lakini mkutanoni mimi si msemaji. Nikisimama sauti hunitoka nusu, na wenye midomo hunikatiza kabla sijafika popote. Ndipo nikaamua kuandika. Nilikaa usiku nikapanga sababu tisa, nikazituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Wote walisoma, hakuna aliyesema neno, mpaka mwekahazina alipoandika: "Dada, wewe unapinga kila kitu. Hata hema ulipinga." Wenzake wakamiminika na vibonzo vya kicheko. (Hema na viti vya kukodisha nilivipinga kweli mwaka jana. Vilinunuliwa, na vinaingiza pesa.)

Ujumbe wangu ulikuwa huu:

"Wapendwa, naomba tufikirie sana. Kwanza, Nairobi imejaa matapeli wa ardhi na kila siku tunawaona kwenye habari. Pili, shangazi yangu aliuziwa shamba hewa na mpaka leo analia. Tatu, ofisi ya hii kampuni ni chumba kimoja. Nne, yule kijana aliyetupeleka anavaa saa ya bei, pesa anatoa wapi? Tano, njia ya kuingia huko ni matope wakati wa mvua. Sita, hakuna maji. Saba, hati tuliyoonyeshwa ni ya shamba zima la ekari 12, ploti zetu hazina nambari yake. Nane, haraka ya nini? Tisa, tamaa ni mbaya na Mungu haipendi. Je, mko tayari kupoteza jasho lenu? Tafakarini."

Shuleni insha zangu zilisomewa darasa zima. Sasa nashindwa na watu ninaokunywa nao chai kila mwezi. Mkutano wa kuamua ni Jumapili ya wiki ijayo. Safari hii niandike vipi?

Mpinga Kila Kitu,
Umoja, Nairobi

JIBU

Dada wa Umoja,

Huenda tatizo lilianzia hapo hapo kwenye insha za kusomewa darasa. Insha ya shule hulipwa kwa wingi wa hoja. Kila hoja na aya yake, anayesahihisha anatia alama pembeni, mwenye saba anampita mwenye nne. Mtahiniwa hatarajii mwalimu abadilishe maoni yake kuhusu simu za mkononi shuleni. Anatarajia alama tu. Wewe unataka watu kumi na saba wafanye jambo fulani na pesa zao Jumapili, na katika kazi hiyo wingi wa sababu unakudhuru. Msomaji asiyekubaliana nawe halazimiki kuzijibu zote. Huchagua iliyo dhaifu kupita zote, akaiangusha, na wanaotazama wakaona umeanguka wewe. Ile saa ya kijana ilikuwa zawadi kwa wapinzani wako. Mtu angeuliza tu, "Kwani kuvaa saa ni hatia?" na ekari 12 zikasahaulika palepale.

Nazo ekari 12 ndizo hoja yenyewe. Hebu zipitie sababu zako. Ya kwanza na ya pili zinahusu ardhi nyingine na wauzaji wengine. Ya tatu na ya nne zinahusu sura za watu. Ya tano na ya sita zinahusu bei, na ploti isiyo na maji inaweza kuwa ununuzi wa maana kwa anayesubiri miaka kumi. Isitoshe, wenzako walikuwa ndani ya basi lile lile na njia waliiona. Ya nane ni swali, nalo lina jibu rahisi: ofa ni ofa. Ya tisa inawaambia marafiki zako kwamba wana tamaa, kisha inamwita Mungu awe shahidi. Sishangai walinyamaza. Inabaki ya saba peke yake: inahusu ploti hizi hasa, hata asiyekupenda anaweza kuikagua, na ikiwa kweli inabadilisha mnachopaswa kufanya kabla ya mwezi kuisha. Umeipa sentensi moja, katikati ya maji na haraka.

Kabla hujashika kalamu tena, tafuta mahali hasa mnapobishania. Hakuna mwanachama anayesema matapeli wa ardhi hawapo. Ukiandika ukurasa mzima kuthibitisha kwamba wapo, mwenyekiti ataafiki kila neno kisha atalipa, kwa sababu kwake hawa si matapeli. Hakuna pia anayesema ardhi isikaguliwe. Ubishi wenu ni mdogo kuliko ulivyouandika: je, tutoe amana kwanza tukague baadaye, au tukague kwanza hata kama bei itatuponyoka? Ukishafika hapo, hata dai lako linabadilika. "Tusinunue" ni dai kubwa, na kwa hayo uliyonieleza huna ushahidi wa kulibeba. Kampuni hiyo yaweza kuwa safi kabisa. "Tusitoe amana kabla ya kuona ploti zetu zikiwa na nambari kwa msajili wa ardhi" ni dai ambalo unaweza kulisimamia mbele ya yeyote, na mwenye hamu ya kununua anaweza kulikubali bila kuona kwamba umemshinda. Kuna watu hudhani kupunguza dai ni woga. Mimi naona ni kujua uzito wa ushahidi ulio nao.

Sasa nikuonyeshe kwa nini sababu ya saba, hata kama ungeiweka ya kwanza, isingewagusa. Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alieleza kwamba kati ya ushahidi na dai pana kitu cha tatu, kile kinachotupa ruhusa ya kutoka kwenye kimoja kwenda kwenye kingine, na kwamba mara nyingi mwandishi hakitamki kwa kuwa kwake kiko wazi. Tazama ujumbe wako. Ushahidi: hati ni ya ekari 12. Dai: kuna hatari. Katikati hakuna kitu. Wewe umekijaza kichwani mwako. Mwenzako naye amejaza chake: "Kumbe wana hati halisi, tena ya ekari 12 nzima!" Ushahidi ule ule umempeleka upande wa pili, na hukumwachia chochote cha kumzuia.

Kinachokosekana katikati ni hiki. Msajili wa ardhi huhamisha kipande chenye nambari yake. Shamba ambalo halijagawanywa rasmi halina vipande vya kuhamisha. Kwanza mpimaji apime, ugawaji uidhinishwe, na kama ardhi bado imeandikwa ya kilimo, bodi ya ardhi ya eneo itoe idhini. Baadaye ndipo hati ndogo hutoka, kila moja na nambari yake. Kabla ya hapo, mnachonunua ni ahadi ya muuzaji kwamba atagawanya. Tena Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inasema mauzo ya ardhi ya kilimo yasiyo na idhini ya bodi ni batili, na ombi la idhini lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Mtu atasema pesa zinaweza kudaiwa. Ni kweli, sheria hiyo inaruhusu zidaiwe kama deni. Kila mwanachama wa chama anajua tofauti ya pesa iliyo benki na pesa unayomdai mtu.

Ukiyaandika hayo kwa sentensi mbili au tatu, hata mwekahazina hawezi tena kusoma "ekari 12" akafurahi.

Kuhusu shangazi yako: pole zake nyingi, na mwache nje. Kisa kimoja kinathibitisha kwamba jambo laweza kutokea, na hilo halibishaniwi. Ukitaka ushahidi wa nje, chukua ule unaogusa ubishi wenu. Kwa mfano, mwanachama akisema "hati tumeiona, inatosha", unaweza kumtajia uamuzi wa Mahakama ya Upeo mwaka 2023, katika kesi ya ardhi ya ufuoni Mombasa. Mahakama ilisema hati peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, hata kama yeye alinunua kwa nia njema. Lakini usiutumie uamuzi huo kudai zaidi ya unavyosema. Haukuambii lolote kuhusu shamba la Barabara ya Kangundo. Unakuambia tu kwamba kuonyeshwa hati si mwisho wa kukagua. Vivyo hivyo upekuzi rasmi kwa msajili, huu watu huuita sachi: utaonyesha mwenye ardhi aliyesajiliwa, ukubwa wake, na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu yake. Hautakuonyesha kila kasoro ya historia yake. Ukiandika "tukifanya sachi tutakuwa salama kabisa", umejitegea mtego mwenyewe.

Lililobaki ni gumu zaidi, nalo ni kuuandika upande wa pili vizuri. Unakumbuka ngonjera za shule? Mpinzani alipewa beti zake, vina vyake, na nafasi ya kusema maneno makali, ndipo hadhira ilipojali nani atashinda. Katika ujumbe wako upande wa pili haukupewa hata mshororo mmoja. Nao una mambo. Bei itapanda kweli mwezi ukiisha. Chama kimechanga muda mrefu na watu wamechoka kusikia "tungoje". Pesa zikikaa benki zinapungua nguvu. Mwenyekiti amejitahidi kutafuta. Haya yaandike kwa namna ambayo mwenyekiti akisoma atasema, "Hivyo ndivyo ninavyofikiri." Akishaona umemwelewa, atakupa dakika mbili za kusikiliza lililobaki.

Kisha mjibu kwa hesabu, kwa sababu hapa hesabu iko upande wako na hukuitumia hata kidogo. Mkingoja na bei ipande, ploti mbili zitawagharimu Sh100,000 zaidi. Gawanya kwa kumi na wanane: kama Sh5,600 kila mtu. Mkilipa amana na ploti zisipatikane, mmepoteza Sh400,000, zaidi ya Sh22,000 kila mtu. Usiifiche ile Sh5,600. Iweke wazi kabisa, na iwe ya kwanza. Mwandishi anayetaja gharama ya ushauri wake mwenyewe huaminiwa anapotaja gharama ya ushauri wa mwingine.

Hema nalo? Usilitetee, wala usilirukie. Wenzako wana sababu ya kukuona mtu wa kupinga, na kupuuza hilo ni kuwaachia wakucheke nalo tena. Sentensi moja inatosha. Maswali yako ya "Je, mko tayari kupoteza jasho lenu?" yafute. Swali la namna hiyo humlazimisha msomaji ajibu "ndiyo" ya ukaidi moyoni.

Ningeandika hivi. Badilisha maneno yafanane na mdomo wako:

"Mwenyekiti na wanachama wenzangu. Naunga mkono chama kununua ardhi mwaka huu. Namshukuru mwenyekiti kwa kututafutia. Kuhusu hema nilikosea na mkanipita kwa kuona mbali, kwa hivyo safari hii siwaombi mkatae. Naomba tukague jambo moja kabla ya kutoa Sh400,000.

Hati tuliyoonyeshwa ni ya shamba zima la ekari 12. Ploti zetu mbili hazina nambari. Msajili wa ardhi hawezi kutuhamishia ploti isiyo na nambari, kwa hiyo leo kampuni haina ploti ya kutukabidhi hata kama ni waaminifu. Ina ahadi ya kugawanya. Huenda ugawaji umeshaidhinishwa na hawakutuonyesha karatasi. Kama ni hivyo, kuzionyesha ni kazi ya siku moja.

Najua bei inapanda mwisho wa mwezi. Tukichelewa, hasara yetu ni Sh100,000, kama Sh5,600 kwa kila mtu. Tukilipa na ploti zisipatikane, ni Sh400,000, zaidi ya Sh22,000 kwa kila mtu, na itabidi tuanze kuzidai.

Naomba Jumapili tuamue mambo mawili. Kwanza, mwekahazina na mwanachama mwingine mmoja wafanye upekuzi rasmi wa hati hiyo, na waombe kampuni karatasi za ugawaji na idhini ya bodi. Pili, tuombe kampuni itushikilie bei ya sasa kwa maandishi mpaka majibu yatoke. Wakikataa, tuwaulize kama watakubali amana ikae kwa wakili mpaka nambari za ploti zitoke. Majibu yakiwa safi, mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono malipo."

Ona kwamba nimemweka mwekahazina kwenye safari ya kukagua. Si ujanja mdogo huo. Yeye ndiye aliyekujibu kwa kejeli, na yeye ndiye wanachama wanamwamini kwa pesa. Akirudi na karatasi safi, chama kimenunua ardhi nzuri na wewe hujapoteza kitu. Akirudi na hati yenye mkopo wa benki juu yake, hutahitaji kuandika neno lolote, atalisema yeye.

Ona pia ombi la pili lilivyo na ngazi. Kama kampuni itakataa kushikilia bei, bado kuna amana kukaa kwa wakili. Chama kinachotakiwa kuchagua kati ya "kulipa" na "kutolipa" kitapiga kura kwa jinsi kinavyokupenda au kisivyokupenda. Kikipewa njia ya tatu, kitaanza kuzungumza jinsi ya kuifuata. Na majibu ya kampuni yenyewe ni habari: muuzaji anayekataa kila kitu isipokuwa pesa mkononi leo amewapa wanachama sababu ambayo wewe usingeweza kuiandika.

Jambo la kutuma. Usiweke tena kwenye kundi usiku. Watu wanasoma wakiwa kwenye matatu, mmoja anaanza kwa kibonzo na wengine wanafuata. Mpelekee mwenyekiti kwanza, peke yake, karatasi mkononi, umwambie: "Mama mwenyekiti, nimeandika hiki, nataka ukione kabla ya wengine. Kuna mahali nimekuelewa vibaya?" Akirekebisha kitu, rekebisha kweli. Huenda akakuonyesha karatasi ya ugawaji ambayo hukuwahi kuiona, na mambo yaishie hapo, ambalo litakuwa jema kwa wote. Ikiwa hana, sasa na yeye anataka kuiona. Kisha chapisha nakala kumi na nane, ukurasa mmoja tu, uzigawe mkutano unapoanza na uombe dakika ya kusoma kimya. Sauti ikikutoka nusu haitajalisha. Karatasi itakuwa imeshasema.

Wakipiga kura ya kulipa hata baada ya hayo, kubali kura. Omba katibu aandike kwenye kumbukumbu kiasi kilicholipwa, akaunti iliyopokea na tarehe ambayo kampuni imeahidi hati ndogo. Mauzo ya ardhi Kenya yanahitaji mkataba wa maandishi, uliotiwa sahihi na kushuhudiwa, na kwenye vyama vingi mkataba huo hutiwa sahihi na watu watatu bila mtu kuusoma mpaka mwisho. Jitolee kuusoma, na utafute nambari ya ploti kwenye ukurasa wa kwanza.